Bei Iliyoshukia Kwenye Pembe ya Ruhogo

Nyamazeni, enyi watu wa Kirolirwe! Nyamazeni nanyi wa Nyamitaba, na ninyi wa Bihambwe ambao hufika kila mahali mmechelewa na bado mnauliza viti viko wapi! Mwenye redio na aizime, mwenye chungu motoni na apunguze kuni, mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, kwa maana nakwenda kusimulia tendo ambalo wakubwa wa dunia hawakupata habari zake, na hiyo ni hasara yao. Nitawasimulia Katembo wa duka la barabarani, Katembo mwenye kidole chepesi, jinsi alivyopanda mlima akiwa na telefone moja na koti moja, akakabiliana na fahali aliyekuwa akila chumvi, akaiteremsha bei ya jibini kutoka mbinguni mbele ya macho yetu.

Anayesimulia ni mimi Nzabonimpa, mpiga kengele wa kapela. Nilikuwapo tangu mwanzo hata mwisho, na tope la siku ile bado limo katika viatu vyangu. Katika miaka ile ya vita kazi yangu haikuwa ndogo, mtu asinidharau: kengele ikilia Jumapili asubuhi, watu walikuja kusali, ikilia saa nyingine yoyote, walibeba magodoro na sufuria wakaingia msituni bila kuuliza ni nani anayekuja. Mtu anayeweza kukimbiza kijiji kizima kwa kamba moja hana haja ya kutia chumvi katika maneno yake.

Katembo alitoka upande wa Butembo, kama watokavyo wafanyabiashara wengi wa huko, rozari shingoni na mizani begani, akafungua duka lake kando ya barabara yetu. Aliuza sabuni, misumari na vitenge, na alinunua jibini, ile ambayo sisi wa Masisi twaiita fromaji, duara na nzito, yenye ukubwa wa kofia ya mtu mwenye akili. Alikuwa mwepesi wa kusema, mwepesi wa kusamehe, mwepesi wa kununua kitu kipya. Mkewe Kavira hakuwa mwepesi wa lolote kati ya hayo. Alikuwa ameweka akiba fedha za mabati ya jiko, kwa kuwa jiko lao lilivuja; naye Katembo, Simba wa Mikopo, akazipeleka Goma zikarudi zimekuwa telefone yenye kioo kipana. Tangu siku hiyo, mvua iliponyesha, Kavira alipika chini ya mwavuli. Alipika kimya, na wote tuliopita njia ile tulikiogopa kimya hicho.

Ndani ya telefone ilikuwamo programu iitwayo Bei Leo. Waliitunga vijana fulani wa mjini, na kazi yake ilikuwa moja: kila asubuhi ilikusanya bei za masoko ya Goma, ya maharagwe na viazi, ya mawese na jibini, ikazirusha hewani zimfikie kila mchuuzi aliyejiandikisha, hata yule aliye nyuma ya milima saba. Zamani bei ya Goma tuliletewa na mashofa, madereva wa kamioni, nayo ilifika imepungua, kama maziwa yaliyobebwa na mtu mwenye kiu. Ndiyo maana Katembo alipoiona Bei Leo machozi yalimtoka. Nami nilimwelewa, ingawa nilikuwa upande wa Kavira katika suala la mabati.

Vita vikaja, vile vya tatu ama vya nne, sisi hatukuwa tunavipa namba tena. Barabara ikafungwa. Mnara wa rezo, ule wa mtandao wa simu, ukakosa mazout, mafuta ya jenereta yake, ukasimama kilimani kama mti uliokauka, na telefone zote zikawa taa za kutafutia viatu. Ng'ombe, ambao hawasikilizi habari, waliendelea kutoa maziwa. Ndipo Katembo aliposimama mbele ya kapela baada ya misa, akapanda juu ya benchi, akanena kwa sauti iliyofika hata kwa waliojifanya wanaondoka.

"Wandugu! Wamama na wapapa! Tangu zamani siye tuko nauzisha macho imefungwa. Shofa anasema beyi imeanguka, siye tunalia. Anasema beyi imepanda, bado tunalia, juu haijapanda ya kutosha. Sasa mwisho! Goma yote iko ndani ya hii telefone. Mukamue, mutengeneze fromaji, mulete kwangu. Siku barabara itafunguka, beyi itatuambia tufanye nini!"

"Na mabati yangu," Kavira akauliza kutoka safu ya wanawake, "nayo iko ndani ya telefone?"

Watu walicheka, lakini walimwamini. Wiki baada ya wiki walileta jibini zao, nami nikaleta mbili, hata ghala la Katembo likajaa mpaka chini ya paa na harufu yake ikawa na nguvu kuliko uvumba wa Pasaka. Mali ya mlima mzima ilikuwa pale. Jibini za zamani zilianza kupasuka ukoko. Kama zisingetoka karibuni, tungezitupa mtoni, pamoja na miezi yote tuliyokamua tukisikiliza bunduki za mbali. Kila aliyepita mbele ya ghala alivuta hewa, kisha akamtazama Katembo, naye Katembo akaitazama telefone.

Sikilizeni sasa, maana siku yenyewe imefika! Asubuhi moja ardhi ilitetemeka, kuku wakakimbilia uani, na kwenye kona ya barabara akatokea Kasika, Kasika Mshika Usukani, Mvumbuzi wa Mashimo, juu ya Fuso yake iliyobakiwa na taa moja. Barabara ilikuwa imefunguliwa! Nusu saa kabla yake, alikuwa ameteremsha mapipa ya mazout pale kwenye mnara, na mnara ulikuwa umeanza kukohoa. Tulipiga vigelegele. Kasika akashuka, akajinyoosha mgongo, akatoa hotuba yake akiwa ameweka mguu mmoja juu ya tairi.

"Papa Katembo, nasema mara moja tu. Nafasi ndani ya kamioni iko moja. Pale chini barabarani, viazi ya watu wa Bihambwe iko nangojea, mifuko kwa mifuko. Viazi, miye naijua. Viazi inauzika. Fromaji yako, nani anajua? Miye nalipwa Goma kisha kuuzisha, siyo hapa kwa maneno. Unionyeshe beyi na macho yangu, nitapakia fromaji. Haiko? Naenda na viazi. Na usikawie, juu wale wenye wanaziba njia kwa bariyeri wakisha kula saa sita hawafungulie muntu. Wanalala."

"Kaka Kasika," akajibu Katembo huku akifunga vifungo vya koti lake la Jumapili, "usizime moteri. Beyi utaiona, na utaisoma weye mwenyewe."

Maneno makubwa! Maana rezo, mnara ukiwa ndiyo kwanza unaamka, haikufika bondeni hata chembe. Kwa Kirolirwe yote ilishika mahali pamoja tu, juu ya malisho ya mzee Sebarenzi, penye jiwe bapa ambalo mzee huyo huwawekea ng'ombe wake chumvi. Hata hapo ilikuwa nyembamba. Sauti haikupita, ila maandishi yalipenya yakijibana ubavu. Tulipaita Jiwe la Chumvi, na zaidi ya kijana mmoja aliposa akiwa amesimama juu yake.

Katembo akajivika silaha. Miguuni alivaa buti za mpira, kichwani kofia ya mkeka, na telefone akaifunga katika mfuko wa plastiki dhidi ya manyunyu. Kavira alimjia hadi mlangoni, mwavuli mkononi, akampa baraka ya safari.

"Enda. Ukirudi bila beyi, hii telefone nitaipika na maharagwe. Na weye njo utaikula."

Akapanda! Nami nilipanda nyuma yake, na nyuma yangu nusu ya kijiji, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibini ghalani. Tope lilimshika goti, akalishinda. Ua wa miiba ukamshika koti, akauachia kifungo kimoja kama kodi ya njia. Alianguka mbele ya wanawake akainuka akisema aliinama kukagua majani. Na alipofika juu, akihema, kidole chake chepesi kikiwa tayari kugusa kioo, aliinua macho akaona kwamba ilikuwa siku ya chumvi, na juu ya jiwe alisimama Ruhogo.

Nimtukuze vipi Ruhogo? Alikuwa fahali wa rangi ya udongo wa kahawia, mpana kama mlango wa kapela, mwenye pembe zilizokwenda juu kana kwamba zina shauri na mawingu. Miguu yake yote minne ilikuwa juu ya jiwe, na ulimi wake ulilamba bila haraka, kwa utulivu wa mtu aliyelipwa mshahara. Kando yake aliketi Sebarenzi, Sebarenzi wa Fimbo Ndefu, mwenye ng'ombe na mkamuaji mkuu wa mlima wetu. Katika ghala la Katembo hapakuwa na mtu aliyeweka jibini nyingi kuliko yeye.

"Papa Sebarenzi, jambo," Katembo akasema. "Kasika iko chini, moteri inawaka. Umusogeze Ruhogo kidogo tu, nisimame pale, nivute beyi."

Mzee akavuta pumzi, akaegemea fimbo yake, akanena polepole, maana hakuwahi kuharakishwa na mtu tangu azaliwe.

"Mutoto wangu Katembo. Fromaji ya mule ndani, ingine nyingi iko yangu. Nataka beyi kukupita weye. Lakini baba yangu aliniachia sheria moja juu ya hii jiwe: ng'ombe iko nakula chumvi, hapana kuipiga, hapana kuisukuma. Inaombwa. Na ng'ombe ya kiume inaombwa na majina yake ya sifa. Mwenye anataka njia, yeye njo anasifu. Hata miye, nikitaka kupita, namusifu."

Kila mtu wa malisho aliyekuwa pale aliitikia kwa kichwa. Kwao kumsifu ng'ombe ni jambo la heshima, mtu hulifanya kofia ikiwa mkononi, na Sebarenzi aliweza kumsifu mmoja tangu jua likiwa machoni hadi linapokuwa kisogoni. Lakini Katembo alizaliwa penye mizani na kaunta. Alikuwa amesifu sabuni. Alikuwa amesifu misumari. Ng'ombe alikuwa hajamsifu kamwe, na pale chini honi ya Kasika ililia.

Shujaa akavua kofia. Akapanua mikono. Akasifu kwa namna pekee aliyoijua.

"E Ruhogo! Ruhogo wa kilo mingi! Weye mwenye paja inajaa mizani! Filet yako iko mororo, mbavu yako inatosha arusi mbili na deuil moja ya matanga! Ngozi yako peke yake, viatu ya shule nzima! Nani atakataa kukununua?"

Loo! Wanawake walifunika vinywa. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba. Sebarenzi alisimama wima, na sauti yake ikapasuka kama ukoko wa jibini zetu.

"Katembo! Unamupima ng'ombe yangu kilo, na yeye iko nakusikia?"

Kama alisikia au hakusikia, mimi siwezi kuapa. Ninachoapa ni hiki: Ruhogo aliacha kulamba, akageuka polepole juu ya jiwe, miguu ile ile minne, akamwelekezea Katembo upande wake wa nyuma. Kisha akakojoa kwa muda mrefu sana. Honi ikalia mara ya pili, na mtu aliyekuwa bondeni akapaza sauti kwamba Kasika amekwisha kupanda kwenye kiti chake.

Hapo, ndugu zangu, nilimhurumia Katembo. Mabega yalimwanguka. Alituangalia mmoja mmoja, wale aliowaambia wakamue, na nikaona kwamba hakuwa akiwaza mabati wala maharagwe yenye telefone. Alikuwa akiwaza kwamba alitudanganya bila kutaka. Mtu asiyewahi kuahidi kitu mbele ya kanisa zima hajui jinsi hilo linavyouma.

Ndipo ilipopasua kundi la watu ncha ya mwavuli, na nyuma yake Kavira, tope hadi kiunoni. Alikuwa amesikia kila kitu, kwa kuwa Katembo husifu kwa sauti kubwa.

"Weye," alimwambia mumewe, "kila siku hii telefone unaisifu mbele yangu mupaka chakula inapoa. 'Kavira, haichoke. Kavira, inajua Goma bila kuenda Goma.' Miye umenisifu mara moja tu, siku ya ndoa. Kama unaweza kusifu chuma hivi, ng'ombe inakushinda juu ya nini? Maneno ya telefone, umupatie Ruhogo!"

Katembo aliinua kichwa. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akamzunguka fahali kwa adabu hata akafika mbele yake, akaanza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba.

"Ruhogo. Unisamehe, nilikosea. Ruhogo mwenye hachoke. Vita imekuja, watu wote tumekimbia, weye ulibaki na jiwe yako. Ruhogo mwenye hadanganye: ukisema majani iko, iko. Unajua mlima yote bila kuuliza muntu. Ruhogo murefu, pembe yako inafika pale mukono yangu haifike..."

 Kinywa kilibaki wazi. Macho yake yalipanda polepole kutoka puani pa Ruhogo hadi utosini, kutoka utosini hadi kwenye ncha ya pembe, na pembe ile ilisimama juu kabisa ya Jiwe la Chumvi, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufikisha telefone hata akipanda mabegani mwa mwenzake.

"Kavira," alinong'ona, "unipatie kitambaa."

Kavira alimtazama. Kisha, na hili ndilo tendo la pili kwa ukubwa siku ile, alifungua kitambaa chake cha kichwa, kile cha bluu cha Kikundi cha Mama Maria, akampa bila kuuliza. Sebarenzi akamkuna Ruhogo chini ya kidevu akimwambia maneno ya Kinyarwanda ambayo hayatuhusu. Fahali akainamisha kichwa. Na Katembo, Katembo Mfunga Fundo, akaifunga telefone kwenye pembe, kioo kikitazama nje, akagusa Bei Leo kwa kidole chake chepesi. Kwenye kioo ikaanza kuzunguka ile pete nyeupe inayomwambia mtu asubiri, adui mkuu wa wafanyabiashara wote.

Ruhogo akainua kichwa. Pete ikazunguka. Tukashika pumzi. Pete ikazunguka. Mama mmoja akaanza Salamu Maria, akaimaliza, akaanza nyingine. Honi ya tatu ikalia, ndefu, ya kuaga, na moteri ya Fuso ikaunguruma. Pete ikazunguka! Kisha ikasimama, na kutoka juu ya pembe ikalia sauti ndogo, nyembamba, kama kijiko kinachogonga glasi.

Hatukupata nafasi ya kushangilia. Ruhogo, ambaye hakuwahi kusikia kijiko kikigonga glasi kichwani mwake, alishtuka, akashuka kutoka kwenye jiwe, akaanza kuteremka mlima na bei yetu. Alikwenda kwa mwendo wa haraka lakini wenye heshima, kitambaa cha bluu kikipepea kama bendera, na nyuma yake Sebarenzi akimwita, Katembo akimsifu kwa pumzi iliyobaki, Kavira na mwavuli wake, mimi, na waamini wote wa Kirolirwe tukiteleza kwa makalio. Aliuvunja ua wa miiba. Alipita katikati ya shamba la kabichi, na kabichi alizozikanyaga zilikuwa zangu. Alifika barabarani, akasimama mbele kabisa ya Fuso, pua kwa pua na ile taa iliyobaki, akatoa mlio ambao hata moteri iliuheshimu ikazimika.

Kasika alishuka taratibu, mikono juu, kama mtu aliyezoea bariyeri za kila aina.

"Njo beyi," alisema Katembo, akishika mbavu. "Usome. Iko kwa pembe."

Shofa akanyoosha shingo akasoma kwa sauti, nasi tukasikiliza kama watu wanaosubiri majina ya mtihani. Maharagwe, bei. Mawese, bei. Viazi, bei, na kando yake mshale mdogo mwekundu ulioelekea chini. Kisha akafika kwenye mstari wa jibini, akapepesa macho, akasugua kioo kwa kiwiko, akasoma tena.

"Fromaji," alisema. "Haiko na kitu. Iko tu kamustari kadogo."

Alisogea tukaona wenyewe. Mahali pa namba palikuwa na kistari kifupi, mfano wa kijiti kilicholala. Mlima mzima ulikuwa umekamua, shujaa alikuwa amepanda na kufedheheka, kabichi zangu zilikuwa zimekufa, na mbingu zilijibu kwa kijiti. Mtu fulani nyuma yangu alianza kulia polepole. Kasika akatikisa kichwa, si kwa ukatili, akaweka mkono juu ya mlango wa Fuso.

"Haiko na beyi, Papa. Pole sana. Naenda na viazi."

Lakini Katembo hakuwa amesogea. Alikuwa akikitazama kile kistari kwa macho ya mtu wa kaunta, macho ambayo yamewahi kutazama rafu tupu na kujua kilichokosekana. Kisha tabasamu likaanza kwenye sikio lake moja likaenda hadi la pili.

"Kasika! Shusha mukono. Unijibu. Mara ya mwisho ulibeba fromaji Goma, njo lini?"

"Eh, mbele ya barabara kufungwa."

"Na mashofa wengine?"

"Nani angepita? Hakuna."

"Na fromaji ya Goma inatokaka wapi? Inatokaka Ulaya?"

"Inatokaka huku," akasema Kasika, na sauti yake ikaanza kupunguza mwendo.

Hapo Katembo akapanda juu ya tairi, akatandaza mikono, koti lisilo na kifungo likafunguka, na hotuba aliyoitoa iandikwe mahali fulani kabla sijaisahau.

"Muntu wa Bei Leo alienda sokoni na telefone yake. Aliuliza: fromaji ngapi? Wamama wakamujibu: haiko! Akauliza ingine, haiko! Njo akaweka kamustari. Kale kamustari si kusema fromaji haina beyi. Ni kusema Goma nzima imekaa na mukate mukavu na iko nangojea! Viazi inaanguka, juu viazi inaingia na njia ingine. Fromaji haina njia ingine. Fromaji iko na Kasika! Weye utaingia na fromaji yote ya dunia, na beyi, Papa, beyi utaitaja weye mwenyewe!"

 Kasika alitazama kistari, akatazama barabara, akatazama jua lililokuwa likiikaribia saa ya chakula cha bariyeri. Halafu alizunguka nyuma ya Fuso, akafungua mlango wake kwa kishindo.

"Munangoja nini?" alipiga kelele. "Mulete fromaji!"

Oo, lau mngetuona! Jibini zilitoka ghalani mkono kwa mkono, kutoka kwa wazee kwenda kwa wajawazito, kutoka kwa walioapa kutosalimiana kwenda kwa wale wale, naye Ruhogo alibaki amesimama akinuswa na mbuzi, telefone kwenye pembe yake ikiendelea kung'aa. Kasika alipita bariyeri wenyewe wangali wanakula, kijiko cha mmoja kikiwa hewani. Hili alilisimulia mwenyewe, nami nalipokea.

Siku chache baadaye, asubuhi ya siku ya chumvi isiyokuwa Jumapili, Ruhogo alipanda jiweni mwenyewe, akasifiwa inavyostahili, akafungwa kitambaa. Pete ikazunguka. Kijiko kikagonga glasi. Maharagwe, bei, mawese, bei, viazi, bei. Na pale ambapo kijiti kilikuwa kimelala, ilisimama namba. Ilikuwa namba nzuri, yenye mshale wa kijani uliotazama juu, na muda ule ule ilikuwa ikisomwa na kila mchuuzi aliyejiandikisha, mjini na vijijini, wasiotujua hata jina.

Sebarenzi, asiyesoma, alinyooshea kioo ncha ya fimbo yake.

"Hii namba," aliuliza, "njo ya nani?"

"Njo siye, Papa," akasema Katembo. "Kule Goma fromaji ingine haiko. Hii namba, njo siye."

Mzee alivua kofia. Katembo akanigeukia akanishika mabega. "Papa Nzabonimpa, piga kengele!"

Nikashuka mbio nikapiga. Nilipiga kwa mikono miwili, kwa furaha, bila kufikiri, na nilipotoka nje ya kapela kimvua chembamba kikianza, niliona magodoro yakikimbia. Kijiji chote cha chini, waliokuwa hawajapanda mlimani, kilikuwa kikielekea msituni na watoto mgongoni, na ng'ambo kule Nyamitaba waliosikia kengele yetu walikuwa wakiondoka pia. Tukawafuata tukipiga kelele warudi. Tuliwafikia kwenye ukingo wa miti, wakihema, macho yametoka.

"Ni nani anakuja?" walituuliza. "Wako wapi?"

"Hakuna muntu anakuja!" Kavira akawajibu, akicheka hata mwavuli ukamtoka mkononi. "Ni beyi ya fromaji! Imepanda!"

Walitutukana sana, na ilikuwa haki yao. Kisha wakaanza kucheka nao, wakageuka, magodoro kichwani, wakateremka katika mvua kuelekea nyumbani, na kila mtu akaingia kwake kutazama, kama tulivyozoea kufanya kila tuliporudi kutoka msituni.

Basi na lijulikane tangu Kirolirwe hata Walikale, na anayebisha aje kwangu: kengele yangu ilitukimbiza mara nyingi miaka ile, na kila tuliporudi tulikuta milango wazi na kitu kimekwenda. Siku Katembo wa duka la barabarani alipoiteremsha bei kwenye pembe ya Ruhogo tulikimbia tena, tukarudi, na sufuria zetu zote zilikuwa jikoni, na ya Kavira ilikuwa ikichemka.